Skrubu na bolti zilizobaki: ununue nini cha kuwekea, kuanzia namba moja mpaka ya kuacha dukani

Wakuu, mtu yeyote mwenye drili na bisibisi mbili tatu nyumbani ana lile kopo. La Blue Band au la maziwa ya unga, ndani kuna skrubu nyeusi za jipsamu, nati za pikipiki, misumari ya bati iliyopinda, fisha (zile plastiki za kuingiza kwenye tundu la ukuta kabla ya skrubu), bawaba moja isiyo na mwenzake na funguo ya kufuli ambalo halipo tena. Ukitaka skrubu nne zinazofanana unamwaga lote sakafuni, unachambua weee, unapata tatu, unamtuma dogo hardware akalete moja, analeta kumi mana haziuzwi moja moja, na tisa zinazobaki zinaenda kwenye kopo lile lile.

Sasa watu wakichoshwa na hilo kopo wanakimbilia boksi zuri lenye vyumba thelathini, wanapanga jumapili nzima, baada ya miezi miwili vyumba vimechanganyika na kopo limerudi mezani. Boksi halina kosa. Vifaa vingi vya kuhifadhia vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye stoki, skrubu mia mbili za saizi moja, na wewe huna stoki bana, wewe una mabaki: saba za hii, mbili za ile, na moja ambayo hujui hata ilitoka kwenye nini ila unaogopa kuitupa.

Kwaiyo kwenye kupanga hapa chini sijaangalia kipi kinapendeza wala kipi kina vyumba vingi. Nimeangalia KURUDISHA. Yaani saa moja usiku, umechoka, umeme umekatika, mikono ina grisi, umeshika nati tano: je unaweza kuzitupia mahali pake kwa mkono mmoja bila kufungua klipu nne? Kama huwezi utaziweka dirishani, na ukishaziweka dirishani ujue ndo zimehamia hapo.

Kigezo cha pili ni kutu, na hiki kinategemea unaishi wapi. Walioko Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ina unyevu na chumvi, skrubu nyeusi za jipsamu ukiziacha wazi zinageuka kahawia kabla hujazitumia. Walioko Dodoma au Singida adui yao ni vumbi zaidi. Na hapa ndo panaleta ugumu wenyewe, mana kitu rahisi kurudishia ni kilicho wazi, na kitu kinachozuia kutu ni kilichofungwa. Ndo mana hakuna kifaa kimoja kitakachomaliza kila kitu, hata muuzaji akikuapia.

Chambua kwanza, ndo ujue ununue kikubwa kiasi gani

Usitoe hela kabla ya hapa. Chukua sinia kubwa la pilau, mwaga vitu vyote.

Misumari iliyopinda, skrubu zilizoliwa nyota, nati zilizoliwa meno, hizo weka kwenye ndoo ya skrepa, wale jamaa wa chuma chakavu wanaopita mtaani wanapima kwa kilo, uwape. Kuna watu wanatunza misumari iliyopinda kwamba ipo siku wataigonga inyooke. Msumari mpya wa nchi tatu unauzwa kwa kilo, bei yake haistahili vidole vyako.

Kisha sumaku. Spika iliyoungua ina sumaku nzuri tu nyuma yake, itoe, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe juu ya sinia. Vya chuma vitapanda, ukikivua kitambaa vyote vinadondoka, hubandui kimoja kimoja. Vitakavyobaki kwenye sinia ni plastiki, shaba, aluminiamu na stenlesi. Stenlesi nyingi za kawaida sumaku haizishiki, au inazigusa kidogo tu. Hizo zitenge kabisa kwenye chombo chake, ni ghali, na siku unafunga kitu cha nje karibu na bahari utashukuru kuwa nazo.

Bolti sasa, na hapa naomba tuelewane vizuri mana ndo penye fujo. Mafundi magari wetu wanataja bolti kwa spana, "nipe ya kumi", "nipe ya kumi na mbili". Kwa kuongea ni sawa ila kwa kupanga inakuchanganya. Bolti ya M6 (yaani unene wa milimita 6) kichwa chake ni spana 10, haina shida. M8 ya hardware kichwa ni 13, lakini M8 iliyotoka kwenye gari ya kijapani kichwa ni 12. M10 ya hardware mara nyingi ni 17, ya kwenye Toyota ni 14. Ukipanga kwa spana umeweka ndugu wa tumbo moja nyumba mbili tofauti. Panga kwa unene wa uzi: tafuta nati moja moja ambazo una uhakika nazo, M5, M6, M8, M10, M12, zifunge kwenye waya ziwe kama rozari, hizo ndo kipimo chako, kila bolti unaijaribisha.

Alafu kuna suala la meno. M10 ya hardware meno yake yanapishana milimita 1.5, ya magari ya kijapani nyingi ni 1.25. Nati inaingia mizunguko miwili, inakaza, na mtu anavyojua kulazimisha anachukua spana ndefu. Usilazimishe! Ikigoma kwa vidole sio yake. Hata nati za tairi ni hivo hivo, Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5 (unene 12, meno 1.5), Nissan nyingi na Subaru ni 12 kwa 1.25, kwa macho zinafanana, na ukizichanganya kwenye kopo moja siku ya pancha usiku njiani utajua hujui. Bolti za inchi nazo zipo, hasa kama kuna mtu kwenu aliwahi kuwa na trekta la Massey Ferguson au lori la Bedford. Ya 5/16 ni milimita 7.94, yaani ni M8 kwa kuiangalia, ila meno hayafanani. Zipe chombo chao, andika INCHI kwa herufi kubwa.

Kitu kingine, geuza bolti uangalie kichwani. Ikiandikwa 8.8 au 10.9 hiyo ni ngumu, ilikua inashika kitu cha maana. Isiyo na alama yoyote ichukulie ni laini, ya kufungia mabati na meza. Hizi mbili usizilaze chombo kimoja, mana kuna siku utafunga bolti laini kwenye saspensheni kwasababu tu ilienea.

Za kutu? Siki usiku kucha, kesho suuza na maji ya magadi, kausha juani, paka oili. Ila za galvanaizi (zilizopakwa zinki) usizitumbukize, siki inakula ile zinki, na zile ngumu za 10.9 na 12.9 usiziweke kabisa kwenye asidi yoyote, chuma kigumu kikikaa kwenye asidi kinaweza kuwa dhaifu ndani kwa ndani kikaja kukatika ghafla siku kimebeba mzigo. Hizo sugua na brashi ya waya.

Ukimaliza utashangaa. Mtu wa kawaida nyumbani anabaki na mafungu kama kumi na moja tu: skrubu za mbao, za jipsamu, za bati, fisha na skrubu zake, bolti za M6, za M8, za M10 na kuendelea, washa (vile vibati vya duara vya kukaa chini ya nati), vya umeme, vya bomba, na vya milango (bawaba, vitasa, kikomeo). Jumlisha misumari na stenlesi. Basi. Unahitaji mashimo makubwa kumi na tatu hivi, sio madogo arobaini. Ndani ya shimo la skrubu za mbao urefu uchanganyike tu, kutafuta ya nchi moja na nusu kati ya skrubu hamsini ni sekunde chache, sio kama kuitafuta kati ya vitu elfu.

Haya twende kwenye madaraja.

Namba 1: madumu ya lita 5 yaliyokatwa

Najua, mwongozo wa kununua alafu namba moja ni dumu la mafuta ya kula. Ila nionyeshe kingine kinachokubali kutupiwa nati kwa mkono mmoja kutoka mita moja. Matupu yanauzwa sokoni kwa bei ndogo sana, au kusanya ya jikoni, ongea na mama ntilie wa jirani atakuwekea.

Linavyokatwa: mshikio unabaki. Unakata ubavu wa mbele, ule usio na mshikio, kuanzia kama nusu ya urefu kwenda juu, unapita chini ya shingo, mshikio wa nyuma huugusi. Unapata kitu chenye mdomo mpana mbele na mkono wa kubebea nyuma. Kazi ikiwa juu ya paa unashika dumu lako la skrubu za bati unapanda nalo, ukishuka unalirudisha kwenye shelfu, hakuna kuhamisha kitu popote. Kisu cha kukatia kadibodi kinatosha, kingo zilainishe kwa msasa zisikukate.

Lioshe kweli kweli, maji ya moto na sabuni mara mbili. Mafuta ya kula yakibaki yanaganda yanakua kama gundi, yanashika vumbi, skrubu zinatoka na manyoya. Na usikate dumu lililokaa petroli au tina ya kuchanganyia rangi, mvuke unabaki mle ndani hata likiwa kavu.

Shelfu yake ni ubao wa moja kwa nane, mabano ya chuma ukutani, madumu yanakaa mstari mmoja, mdomo ukiangalia mbele. Usijaze. Chuma ni kizito kuliko watu wanavyodhani, lita moja ya chuma kitupu inakaribia kilo 8, ukiweka bolti ovyo ovyo nafasi kubwa ni hewa lakini bado lita moja inafika kilo tatu nne. Madumu kumi nusu nusu ni mzigo wa mtu mzima kwenye hiyo shelfu, kwaiyo mabano yafungwe kwenye tofali na fisha za 8 au 10, sio kwenye plasta tu.

Ubaya wake: liko wazi. Kwa pwani weka humu vile visivyoogopa kutu haraka, bolti za galvanaizi, skrubu za bati, vya bomba, fisha, misumari ya bati. Vumbi litaingia, na nyigu wa udongo wakiona kona tulivu wanajenga, ukiingiza mkono bila kuangalia shauri yako.

Namba 2: organaiza yenye vikombe vinavyotoka

Hapa ndo pa kutoa hela sasa. Nazungumzia lile boksi bapa la plastiki lenye mfuniko unaoona ndani, na ndani yake vikombe huru unavyoweza kutoa kimoja kimoja. Sio lile lenye vigawanyio vya kuchomeka, yale ni tofauti kabisa na nitayafikia. Stanley wanayo, INGCO na Total wanayo, na yako mengi yasiyo na jina Kariakoo na Gerezani, Nairobi tembea River Road na Luthuli uulize maduka ya vifaa vya ufundi.

Faida ya vikombe ni hii, unatoa kikombe cha skrubu za jipsamu unaenda nacho chumbani, ukimaliza unakirudisha kizima na kilichobaki ndani yake. Kurudisha hakuna kazi. Na vinafungwa, kwaiyo hapa ndo wanaishi wale wanaokula kutu: skrubu nyeusi, vispringi, skrubu ndogo za elektroniki, vya umeme. Tupia humo vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu na tivii, unyevu unapungua. Vikikaa muda mrefu vinashiba, vibadilishe.

Ukifika dukani usikubali kuonyeshwa tu kwenye kioo, omba uishike. Cheki yafuatayo.

Geuza chini utafute ile pembetatu yenye namba. 5 ni polipropilini, inajikunja bila kuvunjika, chukua. 6 ni polistairini, ndo ile plastiki angavu kama glasi inayolia ka ka ka ukiigonga, ikidondoka mara moja kwenye sakafu ya saruji umebaki na vipande. Boksi nyingi nzuri mwili ni namba 5 na mfuniko ni plastiki nyingine angavu ngumu, hiyo sawa. Ikiwa haina namba popote, bonyeza pembeni kwa kidole gumba, ikilia kama biskuti iache.

Bawaba. Kuna aina ambayo bawaba ni ile ile plastiki imefanywa nyembamba ikakunjwa, na kuna aina yenye kipini cha chuma kimepita. Ya kipini ndo ya miaka. Ya kukunjwa kama ni namba 5 inavumilia, kama ni namba 6 hata mwaka haimalizi.

Mfuniko ugusane na midomo ya vikombe. Hiki ndo watu hawachekigi. Toa sarafu mbili mfukoni, weka kwenye kikombe kimoja, funga, simamisha boksi wima, tikisa, pindua, fungua. Sarafu ikihamia kwa jirani basi washa zako za M4 nazo zitahama kila siku. Muuzaji akikataa usijaribu nenda duka linalofuata, yapo yamepangana.

Klipu mbili kubwa ni bora kuliko nne ndogo. Nne ndogo unafungaga mbili, siku unaliinua kwa mshikio linamwagika lote.

Na usinunue kubwa kuliko yote. Likijaa chuma la ukubwa wa begi la laptopu linafika kilo ambazo mshikio wa plastiki haukutengenezewa. Mawili ya kati ni bora kuliko moja jitu.

Namba 3: chupa za siagi ya karanga chini ya shelfu

Ujanja wa wazee wa gereji huu. Unafunga mfuniko chini ya ubao wa shelfu, chupa unaizungusha inashuka na vitu vyake. Inaonekana ndani, inaziba, haili nafasi ya meza. Funga mfuniko kwa skrubu mbili sio moja, ukiweka moja mfuniko unazunguka pamoja na chupa. Tumia za plastiki. Za glasi ni nzuri kwa macho ila mikono yenye grisi na glasi iliyojaa bolti juu ya kichwa chako, hapana.

Iko ya tatu kwasababu ya kurudisha: mkono mmoja unashika chupa, mwingine umebeba nati, hakuna wa tatu. Ifanye ya vitu vidogo unavyovitumia mara moja moja. Kwa walio pwani ikiwa hela ya organaiza hamna, hii ndo inapanda namba 2.

Namba 4: kabati la vidroo vya plastiki

Lile kama la duka la dawa, vidroo kumi na kuendelea, linatundikwa ukutani. Wengi wangeliweka namba moja na mimi nakataa. Ni zuri kwa fundi wa simu, fundi redio, mtu wa rezista na kapasita, vitu vyepesi. Weka bolti za M10 kidroo kinabonyea, kinagoma kutoka, unavuta kwa nguvu, kinatoka chote na kumwaga. Pia vidroo vinakushawishi kupanga kupita kiasi, mtu anaanza kutenga skrubu za nchi moja na za nchi moja na robo, na hapo ndo anapochoka na mfumo mzima.

Ukiamua kulinunua hakikisha kidroo kina kizuizi cha nyuma kisidondoke ukikivuta mpaka mwisho, fremu iwe ya chuma kama inapatikana, na matundu ya kutundikia yawe manne. Usilitundike kwenye ukuta wa jipsamu.

Namba 5: kazi ya fundi bati, au kabati la faili la mtumba

Kama una bolti nzito, za trekta, za magari makubwa, achana na plastiki. Nenda Gerezani, au kwa walio Nairobi Kamukunji wale wanaogonga matranka ya wanafunzi, mpe vipimo akutengenezee sanduku la vyumba sita. Kitu cha kujua, namba ya geji ikipanda bati linakua jembamba. Geji 30 ni ya kuezekea, itabonyea. Omba 24 kama ni mzigo wa kati, 20 au 18 kama ni mzito kweli, na mwambie akunje kingo ndani zisikate mikono. Maliza na rangi ndani na nje, bati tupu pwani nalo linaota kutu linaambukiza vilivyomo.

Kabati la chuma la faili, yale yanayouzwa kwenye minada ofisi zikibadilisha samani, droo zake zimejengwa kubeba karatasi na karatasi ni nzito, kwaiyo bolti linazimudu. Usifungue droo mbili za juu kwa pamoja kama zimejaa, linakuja kichwa mbele. Lifunge ukutani.

Za kuacha dukani

Boksi la vigawanyio vya kuchomeka. Vigawanyio vyenyewe havifiki kwenye mfuniko, na ukilibeba wima kila kitu kinakutana na kila kitu. Ukijaribu kile kipimo cha sarafu utaona mwenyewe.

Tuluboksi yenye vivyumba juu ya mfuniko: vile vivyumba vinatosha fyuzi na vipande vya waya, sio kuhifadhia mabaki. Nunua kwa ajili ya vifaa vyako, usishawishike kwamba umepata viwili kwa bei ya kimoja.

Ndoo ya rangi ya lita 20, hii ni lile kopo limekua.

Trei ya mayai ya karatasi: siipondi kabisa, ukifungua injini ya pikipiki au gia boksi yale mashimo thelathini yanakusaidia kuweka bolti kwa mpangilio ulivyozitoa, unaandika namba kando ya kila shimo. Ila ni ya siku hiyo hiyo. Karatasi inanyonya unyevu, bolti zikilala humo wiki kadhaa zinaamka na kutu.

Kopo la chakula lenye picha ya chakula kama nyumbani kuna watoto, hapana. Mtoto wa miaka miwili anajua Blue Band ni nini, hajui kwamba wewe umeweka misumari. Ukilazimika bandua karatasi yake na uliweke juu.

Vitu vidogo vya kununua pamoja

Maka peni isiyofutika na masking tepu, usiandike kwenye plastiki moja kwa moja. Ila lebo bora kuliko maandishi ni kitu chenyewe: skrubu moja ibandike kwa supa gluu mbele ya dumu, hata anayekusaidia kazi asiyejua M8 ni nini atajua.

Venia kalipa (kile kipimo cha unene) ya plastiki ya dijitali ya bei ndogo inatosha kabisa kwa kazi hii, huhitaji ya chuma ya wachonga vyuma.

Bakuli la sumaku ni zuri, wanauza. Lakini sahani ya bati ile ya kambini ukiweka sumaku ya spika chini yake inafanya kazi ileile. Hii iwe ndo stendi ya mabaki: chochote kilichobaki mkononi kwenye kazi ya leo kinaenda kwenye sahani, na sahani ikijaa ndo unagawa kwenye madumu. Hapo hata siku umechoka hujaharibu kitu.

Kwa mwenye hela ya kitu kimoja tu: nunua organaiza moja ya vikombe yenye kipini cha chuma, iweke vile vinavyoogopa kutu, vingine vyote madumu. Mwenye hela zaidi asiongeze organaiza ya pili kwanza, aongeze ubao na mabano mazuri ya shelfu, mana madumu ni karibu bure ila shelfu mbovu ikishuka inashuka na kila kitu. Aliyepanga chumba na hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, achukue kreti la soda tupu la plastiki: chupa ndogo za maji za nusu lita zikatwe robo tatu ziingizwe kwenye vile vyumba vyake, linabebeka, linaingia chini ya kitanda, na siku ya kuhama linapanda kwenye kirikuu hivo hivo lilivyo.